Modeli ya tuta haititii, kisha shinikizo linayumba: tatizo liko mpakani

Swali: "Shikamoo mhandisi. Nasoma shahada ya uzamili hapa Mbeya, na naandaa modeli ya kompyuta ya tuta la barabara kwenye bonde la Kyela, sehemu ya majaruba ya mpunga. Tabaka laini lina unene wa mita 6 na limejaa maji mpaka juu. Chini yake kuna udongo mgumu usiopitisha maji. Nimeanza na nguzo moja ya udongo chini ya katikati ya tuta, elementi (vipande vya hesabu) za nusu mita. Ugumu wa udongo ni kilopaskali 1000, cv, yaani kasi ya udongo kukamuka maji, ni mita za mraba 2 kwa mwaka. Tuta ni la mita 2.5, kwa hiyo nimeweka mzigo wa kilopaskali 45 juu. Mara ya kwanza niliweka pia shinikizo la maji la 45 hapo hapo juu, kwa kuwa uzito ndio unaosukuma maji. Ardhi haikutitia kabisa. Mwenzangu akasema nifute sharti hilo. Nikafuta, ikawa vilevile hata baada ya miaka 50. Nikaweka sifuri: sasa inatitia, ila kwenye hatua ya kwanza shinikizo linayumba, nodi (pointi zinazounganisha elementi) ya kwanza chini ya uso 55, ya pili 43. Nikapunguza hatua ya muda kutoka siku moja hadi saa moja, ikawa 57 na 42, yaani mbaya zaidi. Ipi sahihi kati ya hizi tatu? Na masika, majaruba yakijaa, uzito wa yale maji niuongeze kwenye mzigo?"

Marahaba, mdogo wangu. Nimefurahi umeandika namba zako zote. Wengi hunitumia picha yenye rangi nyekundu na bluu tu, wakauliza "hii iko sawa?", nami sina pa kuanzia.

Jaribio la tatu ndilo lililo kwenye njia sahihi, na kuyumba kwake kuna dawa, ila si hiyo uliyojaribu. Kuhusu yale mawili ya kwanza, usiilaumu programu. Ilikujibu barabara kabisa, tatizo ni kwamba uliiuliza habari ya udongo mwingine, sio wa Kyela.

Tuanze na nani anabeba nini. Udongo laini uliojaa maji una wabebaji wawili: kiunzi cha chembe zinazogusana, na maji yaliyo kwenye nafasi katikati ya chembe hizo. Mkazo wa jumla unaoletwa na tuta ni mkazo wa kiunzi ukijumlishwa na shinikizo la maji. Hiyo ndiyo kanuni ya Karl Terzaghi, ambaye kitabu chake cha mwaka 1925 ndicho kilichoipa kazi yetu msingi, na Maurice Biot aliipanua mwaka 1941 kwa pande zote tatu. Ndani yake kuna jambo moja ambalo ukilishika sawasawa nusu ya swali lako inajijibu: ardhi hutitia pale tu kiunzi kinapoongezewa mkazo. Mzigo uliobebwa na maji hautitishi kitu.

Sasa nenda kwenye mpaka wa modeli yako. Kila kipande cha mpaka kinadai majibu mawili, na watu wengi hutoa moja. La kwanza ni la nguvu: hapa kuna mzigo gani, au uso umezuiwa kusogea? La pili ni la maji: hapa shinikizo ni kiasi gani, au maji yanapita kwa kasi gani? Ukinyamaza kwenye lile la pili, programu haikusubiri. Inajijibia yenyewe, na jibu lake karibu daima ni kwamba hakuna tone linalopita. Yaani mpaka ulioachwa kimya umezibwa.

Kwenye jaribio la kwanza ulisema: mzigo wa jumla juu ni 45, na shinikizo la maji juu ni 45. Toa moja kwa nyingine, kiunzi kimebaki na sifuri. Tuta likishawekwa, maji ya ndani nayo yanafika 45 papo hapo, kwa hiyo ndani na mpakani ni sawa, hakuna tofauti ya kuyasukuma maji popote. Modeli imekaa kimya kwa sababu haina la kufanya. Uliyoieleza pale ni ardhi iliyofunikwa na ziwa lenye kina cha mita nne na nusu, si ardhi yenye tuta juu yake. Fikra yako kwamba uzito unasukuma maji ni ya kweli, lakini hilo ni tokeo ambalo modeli yenyewe italikokotoa ndani ya udongo. Ukishaliandika mpakani umeipa modeli jibu, tena jibu lisilo lake.

Jaribio la pili linaishia mahali pale pale kwa njia nyingine. Mwenzako alikuwa sahihi kwamba 45 haifai, ila kufuta sharti si sawa na kuandika sifuri. Ulipofuta, juu pakazibwa, chini palikuwa pamezibwa tayari, ubavuni vilevile. Umeona watu wanavyokamua mihogo iliyopondwa: wanaitia kwenye kiroba, wanapandisha jiwe juu, maji yanachuruzika mpaka asubuhi kiroba kimenywea. Sasa weka mihogo ileile kwenye mfuko wa nailoni uliofungwa kwa moto, na jiwe lilelile. Urudi baada ya miaka 50 kama ulivyofanya, mfuko utaukuta na unene wake.

Kwa hiyo sifuri. Lakini usiiweke kwa mazoea, kwa sababu sifuri nayo ni kauli kuhusu ardhi. Unasema kwamba maji yakifika chini ya tuta yanapata njia ya kutokea bila kikwazo. Kama mkandarasi atatandika kwanza mchanga wa mto au kokoto, ni kweli. Kama atamwaga kifusi chekundu cha mfinyanzi na kukishindilia moja kwa moja juu ya tope, sio kweli, na pale chini ya tuta mpaka unakaribia kuzibwa. Maji itabidi yatafute njia kwenda kando. Nguzo moja haiwezi kukuonyesha hilo. Hapo ndipo modeli ya upana mzima inapoanza kulipa gharama yake. Kwa maoni yangu, hili la tandiko la chini ya tuta lina uzito kuliko mambo mengi utakayobishana nayo kwenye tasnifu, na jibu lake halipo kwenye programu, lipo kwenye michoro ya barabara.

Ukishaweka sifuri, usiamini chochote kabla ya kukagua kwa kalamu. Kutitia kwa mwisho ni mzigo ukigawanywa kwa ugumu, mara unene: 45 kwa 1000 mara 6, yaani sentimita 27. Nusu ya hapo itatimia lini? Chukua 0.197, namba ya kudumu ya nusu, zidisha kwa mraba wa njia ndefu ya maji (kwako mita 6), gawanya kwa cv: 0.197 mara 36 kwa 2, ni kama miaka mitatu na nusu. Asilimia 90 inatumia 0.848 badala yake, unapata miaka 15 na kidogo. Modeli yako ya nguzo ikikupa namba hizo, mipaka yako iko sawa. Ikikupa sentimita 27 lakini kwa muda wa robo yake, basi maji yanatoka juu na chini. Kuna mahali umeufungua mpaka wa chini bila kujua. Na hapa nikuombe uhakikishe kwamba ule udongo mgumu wa chini haupitishi maji kweli. Bonde la Kyela limejengwa na mito kama Kiwira, Mbaka, Lufilyo na Songwe, na mito ya namna hiyo huacha tabaka za mchanga katikati ya tope. Mkanda mmoja wa mchanga pale chini, na miaka yako 15 inakuwa chini ya minne.

Sasa huko kuyumba. Mwalimu yeyote wa mahesabu haya hukuambia matokeo yakisumbua punguza hatua ya muda, na kwa kazi nyingi ni ushauri mzuri. Hapa unageuka sumu. Dakika ya kwanza baada ya mzigo kuwekwa, shinikizo ndani ni 45 kila mahali, ila kwenye uso ni sifuri. Mteremko wote huo umejificha kwenye unyuzi mwembamba wa udongo karibu na uso, na unyuzi huo hunenepa polepole kadiri muda unavyokwenda. Elementi yako ya kwanza ina unene wa nusu mita. Baada ya saa moja maji yametoka kwenye sentimita chache tu za juu, na elementi haina namna ya kuchora mteremko wa sentimita chache. Inachoweza ni mstari ulionyooka kutoka sifuri hadi nodi inayofuata. Ili hesabu ya ujazo wa maji itimie, inaipandisha nodi hiyo kupita 45, kisha ile ya chini yake inashushwa kufidia. Ndiyo 55 na 43 zako. Ukipunguza hatua ya muda, unyuzi unazidi kuwa mwembamba na elementi ni ileile, basi unapata 57 na 42. Hata ukienda hadi sekunde, nodi ya kwanza itakomea hapo kwenye 57.

Watafiti Vermeer na Verruijt waliliandikia jambo hili mwaka 1981, na kanuni yao inaingia kwenye kiganja: hatua ya kwanza isipungue mraba wa unene wa elementi ukigawanywa kwa mara sita ya cv. Kwako ni 0.25 kwa 12, sehemu ya mwaka, karibu siku saba na nusu. Ndiyo maana hata siku moja ilikuwa fupi mno. Una njia mbili. Ama uanze na hatua ya siku nane ukubali kwamba hujui kilichotokea wiki ya kwanza, ama upunguze unene wa elementi za juu. Zikiwa na sentimita 10, kikomo kinashuka hadi kama saa saba, na hatua yako ya siku moja inakuwa halali. Mimi ningefanya hii ya pili: elementi nyembamba juu, zinazonenepa kadiri unavyoshuka. Hakikisha pia umechagua elementi ambazo usogeaji una daraja moja juu ya shinikizo, yaani usogeaji wa mraba na shinikizo la mstari ulionyooka. Ukivipa vyote viwili daraja moja la chini, shinikizo linaweza kuyumba nguzo nzima mpaka chini, na hapo kanuni niliyokupa haitoshi.

Nikuondolee pia hofu: kama unachotafuta ni kutitia kwa miaka, kuyumba kwa hatua ya kwanza hufifia kwenyewe na jibu lako la mwaka wa tatu halitabadilika kwa kiasi cha kukukosesha usingizi. Kunakuwa hatari pale unapolichukua shinikizo la siku za mwanzo na kulitumia kukadiria kama tuta litabomoka wakati wa ujenzi.

Kuna mtego mwingine ambao hujauuliza, na naamini umeukanyaga bila kujua. Programu nyingine zikisikia "mzigo" huchukua mkazo wa jumla, nyingine hukupa chaguo la kuuweka kama mkazo wa kiunzi tu. Shinikizo mpakani likiwa sifuri, viwili hivyo ni namba moja, kwa hiyo makosa hayaonekani. Yanakungojea siku utakayoweka maji juu. Jipime hivi: nguzo ileile, mzigo wa 10 juu, na shinikizo la maji la 10 juu. Kama programu imeelewa mzigo wa jumla, mwisho wa yote hakuna kutitia. Kama imeelewa mkazo wa kiunzi, itatitia sentimita 6. Ni kazi ya dakika tano. Wenzetu wanaoiga gegedu la goti, ambalo nalo ni kiunzi laini chenye maji na hutumia milinganyo ya ukoo huu huu, hukwama hapa hapa.

Hapo tumefika kwenye majaruba yako. Maji ya kina cha sentimita 40 yana uzito wa kilopaskali 4 juu ya uso. Wakati huohuo shinikizo la maji kwenye uso ni 4 pia, kwa kuwa maji ya jaruba na maji ya udongo yameshikana. Kwa hiyo yakisimama nje ya tuta yanaingia kwa pande zote mbili: 4 kwenye mzigo wa jumla, 4 kwenye shinikizo. Kiunzi hakihisi kitu. Ukiweka mzigo bila shinikizo unapata kutitia kwa uongo. Ukiweka shinikizo bila mzigo, kiunzi cha juu kinavutwa na ardhi inainuka kila masika, jambo ambalo mkulima yeyote wa Kyela atakucheka ukimwambia. Na kama programu yako inakokotoa shinikizo la ziada peke yake, yaani lile linalozidi hali ya kawaida ya maji kutulia, basi maji ya jaruba ni sehemu ya hali ya kawaida na hayaingii popote. Soma mwongozo wa programu ujue inakokotoa lipi.

Utakapopanua modeli kuwa ya tuta zima, juu kutakuwa na vipande vitatu na si kimoja: chini ya tuta, mteremko wa ubavu, na ardhi tupu ya nje. Mzigo kwenye mteremko unapungua polepole hadi sifuri, usiukate ghafla. Ardhi ya nje haina mzigo wa tuta lakini ina jibu la maji, usiisahau. Mstari wa katikati umezibwa kwa sababu ya ulinganifu. Mpaka wa mbali upeleke mbali kweli, mara kadhaa ya upana wa tuta, kisha jaribu kuuziba na kuufungua. Jibu chini ya tuta likibadilika, bado uko karibu mno. Ukiona shinikizo katikati ya udongo linapanda kidogo juu ya lile la mwanzo kabla ya kushuka, usikimbilie kurekebisha. Jambo hilo mtafiti Mandel alilionyesha mwaka 1953 na mwenzake Cryer mwaka 1963, na ni la kweli kimaumbile: kingo zikilainika kwanza, katikati hubebeshwa zaidi. Utalitofautisha na kuyumba kwa sababu hupanda kwa upole kwenye eneo zima, halirukiruki nodi hadi nodi.

Kama chini ya barabara kutakuwa na kalavati la zege, usilipe mzigo wa sare kama tuta. Tuta hunyumbulika likafuata ardhi, zege haliwezi. Lipe nguvu yake yote kwa pamoja na ulazimishe nodi za chini yake zishuke sawa. Mkazo utajigawa wenyewe, mkubwa zaidi kingoni. Na tuta halishuki kutoka mbinguni kwa sekunde moja: kama ujenzi ni wiki sita, pandisha mzigo kwa wiki sita. Hata kuyumba kutapungua.

Mwisho ni jambo lililonifanya nikuandikie kirefu. Modeli ya kutitia inachukulia kwamba tuta litasimama. Tope laini la majarubani huenda likawa na nguvu ya kukatika ya kilopaskali 10 tu. Zidisha kwa 5.14, namba ya kudumu ya tope laini, ndio uwezo wake wa kubeba mzigo wa ghafla: 51. Wewe unaweka 45. Pengo hilo ni dogo mno, na hakuna sharti la mpaka litakalolipanua. Kama udongo wako una nguvu ya namna hiyo, jibu la kutitia linasubiri. Tafuta mhandisi wa udongo aliye na leseni, mwende naye eneo la kazi, apime nguvu ya kukatika kwa kipimo cha mapezi (mabapa ya chuma yanayozungushwa ndani ya udongo) kwenye vina mbalimbali, atoe sampuli zisizovurugwa na kuzipeleka maabara kupimwa mgandamano. Huenda akakuambia mjenge kwa awamu, nusu ya tuta kwanza, kisha msubiri shinikizo lishuke ndipo mpandishe lililobaki. Mwambie aweke vipima shinikizo viwili au vitatu ndani ya tope kabla ya kifusi cha kwanza kumwagwa. Usomaji wa wiki za mwanzo wa vipima hivyo utakuonyesha kama mpaka wako wa juu uko wazi au umezibwa, na hapo utarekebisha modeli ukiwa na ushahidi mkononi.